Je, tununue nyumba ya kiwandani iliyo kwenye kiwanja cha kukodi?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi karibu na Lexington, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, pamoja na watoto wetu watatu. Tumepata nyumba ya kiwandani, yaani iliyotengenezwa kiwandani na kuletwa ikivutwa barabarani, ya mwaka 1997, ya sehemu mbili zilizounganishwa, yenye vyumba vitatu vya kulala. Mwenyewe anaiuza kwa dola 62,000. Imekaa kwenye kiwanja cha kukodi ndani ya eneo la nyumba za aina hiyo, na kodi ya kiwanja ni dola 450 kwa mwezi. Kaka yangu mkubwa anatukataza. Anasema hiyo ni trela tu, kuta zake ni kama kadibodi, gundi yake ina sumu, tonado ikija itaipeperusha, benki hazikopeshi, na thamani yake itashuka kila mwaka kama ya gari. Je, anasema kweli?

Jibu: Dada yangu, kaka yako anakutakia mema, na hakuna hata moja kati ya hofu zake ambalo limetoka hewani. Hata hivyo, katika miaka yote ambayo nimekuwa nikikagua nyumba za aina hii, nimeona kwamba lawama nyingi zinazotupiwa nyumba ni lawama za ardhi iliyo chini yake: jinsi nyumba ilivyokalishwa juu ya ardhi hiyo, jinsi ilivyofungwa nayo, na ni nani anayeimiliki. Nitazijibu hoja zake zote, lakini sitazipa uzito sawa, kwa sababu baadhi yake zilikwisha muda wake kabla nyumba hiyo haijajengwa, na nyingine, hasa ile ambayo yeye mwenyewe hakuitaja, ndizo zinazoweza kukugharimu.

Tuanze na neno trela. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kitaifa ya viwango vya ujenzi na usalama wa nyumba hizi, na viwango vyenyewe, vinavyosimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, yaani HUD, vikaanza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na kanuni moja ya serikali kuu iliyomlazimu kila mtengenezaji, ndiyo maana nyumba za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilitofautiana mno kwa ubora, na nyingi ya zile mbaya ndizo zilizojenga sifa ambayo kaka yako anaikumbuka. Mwaka 1980 Bunge lilibadilisha hata jina lililomo katika sheria, likaacha kuziita nyumba za kuhamahama na kuziita nyumba zilizotengenezwa kiwandani. Kwa hiyo tarehe ya ujenzi si jambo dogo. Nyumba ya mwaka 1974 na nyumba ya mwaka 1997 zinaweza kufanana ukiziangalia kutoka barabarani, lakini mbele ya sheria, ya benki na ya kampuni ya bima ni vitu viwili tofauti.

Ni kweli kwamba nyumba ya kiwandani hubaki na chasisi ya chuma chini yake maisha yake yote, kwa kuwa sheria inataka iwe nayo, na ni kweli kwamba ilifika hapo ilipo ikivutwa kwa magurudumu. Lakini nyingi zikishakalishwa mara ya kwanza hazihami tena. Kuihamisha nyumba ya sehemu mbili kunahitaji kuitenganisha katikati, kupata vibali vya barabara, kuikalisha upya na kuunganisha tena umeme, maji na gesi, na kazi hiyo yote hula maelfu ya dola. Nakuomba ulishike jambo hili, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye kiwanja. Usiichanganye pia na nyumba ya vipande, ambayo nayo hutengenezwa kiwandani lakini hujengwa kwa kufuata kanuni za ujenzi za jimbo au za mji, na mara nyingi huuzwa na kukopeshewa kama nyumba nyingine yoyote. Wauzaji wengine huyachanganya maneno haya mawili kwa makusudi.

Kuijua nyumba uliyonayo mbele yako ni rahisi. Kwa nje, upande wa nyuma wa kila sehemu, tafuta kibandiko chekundu cha chuma chenye ukubwa wa takriban inchi 2 kwa 4, kilichochapwa namba. Nyumba yenu ina sehemu mbili, basi vibandiko viwe viwili. Kwa ndani tafuta karatasi ya maelezo ya nyumba, ambayo kwa kawaida hubandikwa ndani ya kabati la jikoni, karibu na kisanduku kikuu cha umeme, au ndani ya kabati la nguo la chumba cha kulala. Karatasi hiyo hutaja mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, vifaa vilivyowekwa kiwandani, na ramani zinazoonyesha nyumba ilisanifiwa kwa kanda gani ya upepo, uzito gani wa theluji juu ya paa na kiwango gani cha baridi. Ipige picha kila upande. Nimekuta nyingi zimepakwa rangi au zimeng'olewa na mtu aliyekuwa akibadilisha makabati, asijue kwamba alikuwa akitupa cheti cha kuzaliwa cha nyumba yake. Kibandiko chekundu kikipotea, HUD haitoi kingine. Kinachopatikana ni barua ya uthibitisho kutoka kwa taasisi inayotunza kumbukumbu hizo, IBTS, na benki nyingi huikubali.

Kuhusu kuta za kadibodi, hebu tueleze kinachosikika mtu anapogonga. Katika nyumba nyingi za miaka ya 1990 ukuta wa ndani ni ubao wa jasi mwembamba kuliko ule wa nyumba za kawaida, uliovikwa karatasi ya vinaili yenye maua au mistari, na maungio yake hufunikwa kwa vipande vyembamba vya plastiki. Ukigonga unalia mtupu. Lakini ubao huo haubebi nyumba. Kinachobeba ni mbao za ndani ya ukuta, na hizo ni mbao zilezile zinazotumika katika nyumba zinazojengwa papo kwa papo, zikiwa zimekatwa na kupigiliwa ndani ya jengo kavu bila kunyeshewa. Nyumba hizi pia husafirishwa barabarani kwa mwendo wa gari kabla ya mtu yeyote kulala ndani yake, mtihani ambao nyumba ya kawaida haiufanyi kamwe. Sitaki hata hivyo uamini kinyume chake, kwamba serikali imeikagua kila nyumba kuanzia sakafu hadi paa. Michoro hupitishwa na wakala huru aliyeidhinishwa na HUD, na kiwandani kila nyumba lazima ikaguliwe angalau katika hatua moja ya utengenezaji. Hatua moja si zote. Ndiyo sababu mkaguzi wako mwenyewe ni muhimu hapa kama ilivyo kwa nyumba yoyote.

Moto ni mahali ambapo mabadiliko ya 1976 yalionekana wazi zaidi. Viwango vilitaka milango miwili ya kutokea nje iliyo mbalimbali, dirisha la kutorokea katika kila chumba cha kulala, ving'ora vya moshi, na vifaa visivyoshika moto haraka kuzunguka jiko na tanuri la kupasha nyumba joto. Takwimu za NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto, zimeonyesha kwamba kiwango cha vifo vya moto katika nyumba zilizojengwa baada ya viwango hivyo kiko chini kuliko katika zile za kabla yake. Mnapoingia, fungueni kila dirisha la chumba cha kulala mpaka mwisho, maana dirisha lililogandishwa na rangi si njia ya kutokea. King'ora cha moshi kikiwa na umri zaidi ya miaka 10, kibadilisheni hata kama bado kinalia.

Ile gundi yenye sumu ni fomaldehaidi, gesi inayotoka katika mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Tatizo lilijulikana mapema, na katikati ya miaka ya 1980 HUD iliweka kikomo kwa mbao zinazotumika katika nyumba hizi. Sifa mbaya ilirudi baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, pale familia zilizopoteza makazi zilipowekwa katika trela za dharura, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vikaonyesha viwango vya juu vya gesi hiyo. Nyingi kati ya hizo zilikuwa trela za safari, zisizofungwa na viwango vya HUD. Aidha, gesi hii hupungua kadiri mbao zinavyozeeka, kwa hiyo katika nyumba ya 1997 ningehangaika zaidi na unyevu na ukungu. Mkija kununua makabati mapya ya mbao za kushindilia, fungueni madirisha kwa majuma ya mwanzo.

Sasa upepo, na hapa nitamtetea kaka yako kwa sehemu. Tarehe 24 Agosti 1992 Kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida na kuteketeza nyumba za kiwandani kwa maelfu. Kutokana na maafa hayo, HUD ilivifanya viwango vya upepo kuwa vikali zaidi kuanzia Julai 1994, hasa kwa kanda mbili za pwani, ambako nyumba sasa husanifiwa kwa upepo wa maili 100 au 110 kwa saa. Kimbunga Charley kilipoipiga Florida mwaka 2004, tofauti ilionekana kwa macho: nyumba zilizojengwa na kufungwa kwa viwango vipya zilisimama vizuri kuliko za zamani, na sehemu kubwa ya uharibifu wake ilitokana na vibanda vya magari na vivuli vilivyoongezwa baadaye, ambavyo viling'oka na kuchana paa na kuta. Lakini Kentucky imo katika kanda ya kwanza, ile ya upepo mdogo kuliko zote, kwa hiyo nyumba yenu ya 1997 haikupata ile nguvu ya ziada iliyowekwa kwa ajili ya pwani.

Tonado haizitafuti nyumba hizi. Ile ya tarehe 10 Desemba 2021 katika jimbo lenu hilohilo iliangusha paa na mnara wa jengo la mahakama la matofali mjini Mayfield. Hata hivyo, ukweli mchungu unabaki: kwa mujibu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya tonado vinavyotokea majumbani hutokea katika nyumba za kiwandani na trela, ilhali nyumba hizo ni takriban 6 tu kati ya kila 100 nchini. Idara hiyo inashauri watu wasibaki ndani yake tonado inapokaribia, hata kama zimefungwa vyema. Kwa hiyo mkinunua, jambo hili liwe kanuni ya familia: mjue jengo imara la kukimbilia, muwe na redio ya tahadhari inayoweza kuwaamsha usiku, na muondoke tahadhari inapotolewa, bila kungoja kusikia mngurumo. Muulizeni mwenye eneo kama kuna chumba cha kujikinga na kama hufunguliwa usiku. Nimewahi kuonyeshwa chumba kizuri cha zege ambacho ufunguo wake ulikuwa nyumbani kwa msimamizi anayeishi mji mwingine.

Na hii inatupeleka chini ya sakafu, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Nyumba yenu imekaa juu ya mihimili mirefu ya chuma, na mihimili hiyo imekaa juu ya nguzo fupi za matofali ya saruji. Kati ya tofali la juu na mhimili huwa kuna kabari za mbao ngumu zilizogongwa mbili mbili kutoka pande zinazokabiliana, ili nguzo ishike sawasawa. Kutoka kwenye mihimili hushuka mikanda ya chuma iliyofungwa kwenye nanga zilizozungushwa ndani ya udongo. Nguzo hubeba nyumba, nanga huizuia isinyanyuke wala kusukumwa pembeni. Yote hayo hufichwa na ukuta mwepesi wa plastiki au wa bati unaozunguka chini ya nyumba, na kwa kuwa yamefichwa, husahauliwa.

Mwaka fulani niliitwa na mama mmoja aliyeambiwa kwamba nyumba yake imechoka. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa haufungi, dirisha la sebuleni lilikuwa na ufa, na katikati ya dari, pale sehemu mbili za nyumba zinapokutana, palikuwa na mstari mweusi ambao ungeweza kuingiza ukucha. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba mbao zimeoza. Niliondoa kipande cha ule ukuta wa chini na kuingia kwa tumbo na tochi. Maji ya paa, yasiyokuwa na mfereji, yalikuwa yakimwagika upande mmoja na kupita chini ya nyumba kwa miaka, udongo ukalainika, na nguzo tatu za mstari wa katikati zilikuwa zimezama. Kabari za nguzo mojawapo zilikuwa zimedondoka na kulala juu ya udongo kama vijiti vya kuwashia moto, na kati ya tofali na mhimili palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Mafundi walikuja na jeki na pimamaji, wakaimarisha vitako vya nguzo, wakainyanyua nyumba taratibu na kugonga kabari mpya. Kabla ya jua kutua mlango wa watoto ulifunga wenyewe. Nyumba haikuwa imechoka. Ilikuwa imekalishwa vibaya, na hakuna aliyeitazama tena tangu siku ilipokalishwa.

Kwa hiyo mkaguzi wenu aingie chini, na akikataa kuchafua nguo, mtafuteni mwingine. Aangalie kama vitako vya nguzo vimeshuka chini ya kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, maana udongo ukiganda huvimba na kuinyanyua nguzo, kisha ukiyeyuka huiachia. Avute mikanda kwa mkono, kwani mkanda unaoning'inia haumzuii mtu wala upepo. Atazame turubai jeusi linalofunika tumbo la nyumba: likichanika, baridi hufika kwenye mabomba ya maji, panya hupanda, na vihami joto huanguka chini na kulowa. Aangalie kama udongo umetandikwa plastiki ya kuzuia unyevu, na kama bomba la hewa ya mashine ya kukaushia nguo linatoka mpaka nje ya ukuta wa chini. Mara nyingi mno nalikuta limeishia humo chini, likipuliza mvuke wa nguo za familia nzima kwenye mbao za sakafu. Na ninyi wenyewe, mkiwa ndani, tembeeni bila viatu kuzunguka choo, beseni la kuogea, tangi la maji ya moto na mlango wa nje. Sakafu za miaka hiyo mara nyingi ni za mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi, ambazo zikinywa maji huvimba kama mkate na hazirudi tena. Mguu utahisi ulaini huo kabla jicho halijauona. Habari njema ni kwamba mwaka 1997 ni baada ya kuachwa kwa yale mabomba ya kijivu ya polibutilini (aina ya plastiki), yaliyowekwa katika nyumba nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1995 na kusumbua wengi kwa kuvuja, lakini fundi mmoja mmoja huenda alimalizia akiba yake, kwa hiyo tazameni rangi ya mabomba chini ya sinki.

Tuje kwenye benki na thamani. Kaka yako anakosea anaposema benki hazikopeshi, lakini mkopo utakaopewa unategemea kama nyumba inahesabiwa kuwa mali isiyohamishika, pamoja na ardhi yake, au mali inayohamishika kama gari. Nyumba ikiwa juu ya msingi wa kudumu katika ardhi ya mnunuzi, na imejengwa baada ya 15 Juni 1976, inaweza kupata mikopo ya rehani ya kawaida, ikiwemo ile inayodhaminiwa na serikali kupitia idara yake ya mikopo ya nyumba, FHA. Ikiwa kwenye kiwanja cha kukodi, kwa kawaida hupewa mkopo wa mali inayohamishika, wenye muda mfupi na riba kubwa. Ripoti ya mwaka 2014 ya ofisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilionyesha kwamba takriban asilimia 68 ya mikopo ya kununua nyumba za kiwandani iliangukia katika kundi la mikopo ya bei ya juu, dhidi ya asilimia 3 tu kwa nyumba za kawaida. Chukua mfano wa hesabu tu: mkopo wa dola 55,000 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 7 unadai karibu dola 426 kwa mwezi, na kwa asilimia 10.5 unadai karibu dola 549. Mpaka mwisho wa mkopo tofauti hiyo inazidi dola 29,000. Ombeni masharti kwa wakopeshaji watatu au zaidi, pamoja na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na msikubali moja kwa moja mkopeshaji anayeletwa na muuzaji.

Thamani nayo hufuata njia hiyohiyo. Vipimo vya bei vinavyotolewa na wakala wa serikali kuu wa fedha za nyumba, FHFA, vimeonyesha kwamba nyumba za kiwandani zinazouzwa pamoja na ardhi yake hupanda bei kwa mwendo unaokaribiana na wa nyumba za kawaida. Kinachopanda hasa ni ardhi, kama ilivyo kwa nyumba ya mtu yeyote, kwa sababu kila jengo huchakaa. Nyumba isiyo na ardhi imeachwa na kile kinachochakaa peke yake. Hapo ndipo mfano wa gari unapopata ukweli wake, ingawa hata hapo nyumba iliyotunzwa katika eneo linalopendwa inaweza kushika bei yake. Huko Kentucky nyumba hizi huanza na hati kama ya gari, na mwenye nyumba akiiweka kwa kudumu kwenye ardhi yake anaweza kusajili kwa karani wa kaunti kiapo cha kuigeuza iwe mali isiyohamishika. Hatua hiyo, kwa kawaida, haiko wazi kwenu mkiwa wapangaji wa kiwanja. Hakikisheni basi kwamba hati ya sasa ina jina la anayewauzia, na kwamba haidaiwi mkopo wala kodi.

Sasa lile ambalo kaka yako hakulitaja. Mnanunua nyumba, lakini mnakodi ardhi, na mtu anayemiliki nyumba asiyeweza kuihamisha bila maelfu ya dola hana nguvu ya mpangaji wa kawaida, anayeweza kufunga mizigo na kuondoka kodi ikipanda. Fanya hesabu hii pamoja na mumeo. Dola 450 kwa mwezi ni 5,400 kwa mwaka. Kodi ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa kumi itakuwa karibu dola 698 kwa mwezi, na jumla ya miaka hiyo 10 itafika karibu dola 68,000, zaidi ya bei ya nyumba yenyewe. Na mkishindwa kulipa, mnaweza kuondolewa kwenye kiwanja ilhali nyumba ni yenu. Nimeona familia zikiacha nyumba nzuri nyuma yao kwa sababu hiyo, na kila mara jambo hilo huniuma, kwa kuwa kosa halikuwa la ujenzi bali la karatasi ambayo hakuna aliyewasomea.

Ombeni mkataba wa kiwanja kabla ya kitu kingine chochote, na mwombe mtu anayejua sheria za jimbo lenu ausome pamoja nanyi, maana ulinzi wa wapangaji wa viwanja hutofautiana mno kutoka jimbo hadi jimbo. Unadumu muda gani, na ni nani mwenye haki ya kuuhuisha? Kodi imepanda kwa kiasi gani katika miaka mitano iliyopita? (Majirani watawaambia ukweli kuliko ofisi.) Maji, taka na mfereji wa maji machafu ni juu ya nani? Je, mnaruhusiwa kuiuza nyumba ikiwa palepale, au mnunuzi wenu lazima akubaliwe na mwenye eneo? Je, nyumba zinazozidi umri fulani hutakiwa kuondolewa zikiuzwa? Kwa nyumba ya 1997 swali hilo la mwisho linaweza kuamua kila kitu. Muulizeni pia mwenye eneo kama mkopo wake wa eneo uko chini ya Fannie Mae au Freddie Mac, taasisi mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kwa sababu mikopo mipya ya taasisi hizo humtaka awape wapangaji mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa, taarifa ya siku 30 kabla ya kupandisha kodi, haki ya kuuza nyumba ikiwa mahali pake, na taarifa ya siku 60 eneo linapotaka kuuzwa au kufungwa.

Kuna maeneo ambayo wakazi wenyewe wameyanunua kwa ushirika. Kule Meredith, katika jimbo la New Hampshire, familia 13 zilinunua eneo lao mwaka 1984 kwa mkopo wa mfuko wa jamii, na leo mtandao wa ROC USA una maeneo ya namna hiyo zaidi ya 300 katika majimbo mbalimbali. Humo kodi hupangwa na kikao cha wakazi. Kama mnaweza kuishi ndani ya mwendo wa gari kutoka eneo la aina hiyo, au kupata kiwanja kidogo cha kununua, basi ningewashauri mlinganishe gharama kabla ya kutia saini.

Nikijibu swali lako kwa neno moja kwa moja: nyumba yenyewe, kwa mwaka wake na bei yake, inaweza kuwa makao mazuri kwa watoto watatu, na nisingeikataa kwa sababu ya jina trela. Ningeikataa kwa sakafu iliyovimba kila mahali na nguzo zilizozama ambazo muuzaji hataki kupunguza bei kwa ajili yake, na ningeikataa haraka zaidi kwa mkataba wa kiwanja wa mwezi hadi mwezi usio na kikomo chochote cha kodi. Kwa hiyo anzeni na mkataba, kisha hati na ile karatasi ya ndani ya kabati, na mkaguzi aje mwisho. Mkataba ukiwa mbaya, mtakuwa mmejua kabla ya kumlipa yeyote hata senti moja.